Wafupi wenzangu, hivi dunia hii ilipimwa kwa kimo cha nani?

#1 Mwalimu Chausiku
Habari za jioni wakuu. Kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu, naomba tulijadili kwa utulivu.

Nina miaka 34, urefu wangu sentimita 147, yaani futi 4 na inchi 10 hivi. Nafundisha hisabati darasa la sita na la saba. Ubao wetu ni ule wa saruji uliopakwa rangi nyeusi ukutani. Nikinyoosha mkono wote nafika katikati tu, kwa hiyo mwaka wa tisa huu naandika nusu ya chini. Watoto wa nyuma hawaoni, wanasimama, wanabanana, kelele zinaanza, na anayepita dirishani anaona mwalimu aliyeshindwa darasa. Nikipanda kiti, kila baada ya maneno manne nishuke, nisukume kiti, nipande tena. Na sasa nina mimba ya miezi sita.

Kilichonileta hasa ni cha wiki iliyopita. Kliniki walinipima kimo, muhudumu akatamka kwa sauti, "Huyu yuko chini ya mia na hamsini!" Benchi zima likageuka. Akaweka alama kwenye kadi bila kunieleza maana yake. Nimerudi nyumbani nimelia.

Maswali yangu mawili. Ufupi wangu mtoto ataurithi, au unatokana na malezi? Baba yake ana sentimita 178. Na ninyi wenzangu mnaishije na vitu vilivyowekwa juu kila mahali?

#2 Kibiriti
Pole sana mwalimu. Jibu la kwanza ni damu tu. Kwetu ukoo mzima hakuna anayezidi futi 5 na inchi 4, na tumekula samaki wa Ziwa Nyasa tangu tunaota meno. Mtoto atafuata upande mmoja, wako au wa baba yake. Hapo hakuna la kufanya.

#3 Gongo la Mboto Mwisho
Mwalimu, mimi mwanaume, sentimita 156, nakuelewa kabisa.

Kero yangu namba moja ni bomba la daladala. Asubuhi gari limejaa, siti hakuna, na bomba liko juu. Nikilishika nasimama kwa vidole vya miguu kutoka Gongo la Mboto hadi Kariakoo. Nikiliachia nashika siti ya mtu, naambiwa namgusa mabega. Dereva akikanyaga breki mimi ndiye ninayerushwa. Uso wangu muda wote uko kwenye kwapa la mtu. Halafu konda ananipigapiga begani, "Dogo, sogea nyuma." Nina miaka 41, mwanangu wa kwanza yuko kidato cha tatu.

Suruali nazo. Za mtumba nikizikata chini zinabaki za ajabu, kwa sababu goti la suruali linanikalia kwenye ugoko. Fundi akikata pindo hajarekebisha umbo. Siku hizi nanunua kitambaa nashonewa, na gharama yake si ndogo.

#4 Babu Chuma
Gongo la Mboto umegusa penyewe kwa hilo neno "dogo".

Nina miaka 52, sentimita 155. Vijana wa kijiweni wakiniona kwa nyuma wanapiga kelele, "Oya dogo, njoo ubebe hii!" Nikigeuka wanaona mvi, wanababaika, "Aah, shikamoo mzee." Hiyo shikamoo ya kuchelewa inaniuma kuliko ambayo haikuja kabisa. Msibani napewa kazi za vijana. Kikao cha harusi napitwa mkono wa salamu, anasalimiwa mdogo wangu aliyenizidi kimo, kisha mimi naulizwa, "Na huyu kijana ni nani?" Mdogo wangu naye anaona aibu kwa niaba yangu.

Wanasema wafupi tuna hasira. Ukisahihishwa umri wako na watoto wadogo miaka thelathini, hasira utaiepukaje?

#5 Nyanya Chungu
Kwa sisi wanawake kuna la ziada, Babu Chuma. Dukani, "Mtoto, mama kakutuma nini?" Benki nasimama dirishani, karani anaita mtu wa nyuma yangu kwa sababu kaunta imenimeza. Nikipaza sauti naonekana nina kiherehere. Na watu wananishika kichwani! Mtu mzima mwenye akili zake anakupapasa kichwa kama paka. Hili la kushikwa nalikataa waziwazi siku hizi, namwambia mtu usoni kuwa silipendi.

Mwalimu, pole kwa ya kliniki. Wangeweza kukunong'oneza.

#6 Mzee wa Kilolo
Kibiriti hapo #2, sikubaliani na "hakuna la kufanya".

Mimi niko Iringa. Huku hatuna njaa. Mahindi, maharage, viazi, maziwa, parachichi, vyote vipo. Lakini utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto wenye udumavu nchini ni 30% ya walio chini ya miaka mitano, na mkoa wetu ulikuwa juu kabisa, zaidi ya nusu. Njombe na Rukwa walitufuata kwa karibu. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi.

Nimekaa kwenye kamati ya lishe ya kijiji, nimeona yanavyokwenda. Mama anaingia shambani alfajiri, mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba, anapewa uji mweupe wa mahindi mara mbili. Mayai yanauzwa. Maziwa yanauzwa. Maharage yanasubiri gari la Dar. Mtoto anaharisha kila mwezi kwa sababu ya maji. Tumbo limejaa ila mwili haukui. Siku elfu moja za kwanza, kuanzia mimba hadi miaka miwili, zikipita hivyo, sehemu kubwa ya kimo imeshapotea. Halafu tunasimama kwenye mkutano tunasema, "Sisi ni wafupi kwa asili."

#7 Kibiriti
Mzee wangu, kwa hiyo wafupi wote wana udumavu? Mbona nimesema kwetu tumekula samaki?

#8 Mzee wa Kilolo
Sikusema wote. Udumavu hupimwa kwa kulinganisha urefu wa mtoto na umri wake. Mtoto anaweza kuwa mfupi na mwenye afya kamili. Ninachokataa ni kuitupia damu kila kitu. Wanawake wa Korea Kusini waliozaliwa 1996 wana karibu sentimita 20 zaidi ya wale waliozaliwa 1896. Miaka mia moja tu. Hiyo damu ilibadilishwa na nani?

#9 Rafu ya Juu
Nyie mnabishana damu, mimi nataka kujua nani aliamua makabati ya jikoni yaanzie pale yanapoanzia. Nimepanga nyumba yenye makabati mazuri, rafu ya chini ndiyo pekee ninayoitumia. Zilizobaki zina vyombo vya mwenye nyumba aliyepita, sijawahi hata kuvifikia.

#10 Makanga Mstaafu
Wasalimiwe wote, mimi niko Nakuru. Huku kwetu mtu mfupi anaitwa "nyundo". Nimeitwa hivyo tangu darasa la pili hadi hata wateja wa matatu waliniita Nyundo, jina langu halisi likasahaulika.

Ila kwa kazi niseme ukweli, ndani ya matatu kimo changu kilinifaa. Makanga mrefu anainama kutwa, mgongo unakufa. Mimi nilikuwa nasimama wima kwenye Hiace.

Ndoto yangu ilikuwa jeshi. Matangazo ya KDF, jeshi la Kenya, yamekuwa yakitaka mita 1.60 kwa wanaume na 1.52 kwa wanawake. Mimi nina 1.58. Nilienda uwanjani mara mbili, mbio nilimaliza kati ya watano wa kwanza, mara zote nikatolewa kwenye fimbo ya kupimia. Sentimita mbili. Usiku ule wa pili sikulala. Nilijua ningeweza ile kazi.

#11 Bi Mwantumu wa Wete
Assalaam alaykum. Mwanangu Chausiku, Mwenyezi Mungu akujaalie ujifungue salama.

Nyote mmesahau la wazee. Mtoto akilala chini haruhusiwi kurukwa. Akirukwa, aliyemruka arejee alikopitia, amruke tena kwa kurudi, ndipo kimo chake kirejee. Mimi nimezaa sita, nimelichunga hili. Wa tano alirukwa na mjomba wake siku ya Idi, akakataa kurudi, akacheka. Huyo wa tano ndiye mfupi wao wote. Wallahi siwaambii hadithi.

Na hizi ndoo. Mtoto wa miaka minane anatwishwa ndoo ya maji kichwani kila siku, mifupa itapanda kwenda wapi?

#12 Gongo la Mboto Mwisho
La ndoo naliunga mkono. Nilichota maji toka nina miaka saba, mdogo wangu alikulia nyumba yenye bomba, ana futi 5 na inchi 9.

#13 Nesi wa Zamu ya Usiku
Nimetoka kazini sasa hivi ila uzi huu siwezi kuupita.

Mwalimu, nianze na kadi yako. Sentimita 150 ni mstari uliowekwa kwenye kadi ya kliniki kama moja ya dalili za hatari, pamoja na mengine kama kuwahi kufanyiwa upasuaji wa uzazi. Sababu yake ni nyonga. Mama mfupi sana mara nyingine ana nyonga finyu, na mtoto akiwa mkubwa uchungu unaweza kukwama. Alama ile haisemi kuwa utapata shida. Inasema usijifungulie nyumbani wala kwenye zahanati isiyo na chumba cha upasuaji. Panga mapema kwenda kituo chenye huduma hiyo, na usafiri wa usiku uandaliwe. Nimepokea watoto wa kina mama wa sentimita 145 waliojifungua kawaida kabisa. Na aliyekutangaza mbele za watu alikosea. Samahani kwa niaba ya wenzangu.

Bi Mkubwa #11, kwa heshima zako zote, mtoto huota urefu kupitia gegedu laini lililo kwenye ncha za mifupa mirefu. Likishakuwa mfupa, kurefuka kumekwisha, wasichana wengi miaka 14 hadi 16, wavulana 16 hadi 18. Kurukwa hakuligusi. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, shingo na mgongo wa mtoto vinaumia kweli, na ningependa zikome kwa sababu hiyo. Ila Gongo la Mboto, nyumba yenye bomba ina maji safi, kuhara kunapungua, na huenda pia ilikuwa na pesa zaidi ya chakula. Huwezi kuilaumu ndoo peke yake.

Mkidanganywa na wanaouza dawa za kurefusha watu wazima mitandaoni, hifadhini pesa zenu.

#14 Bi Mwantumu wa Wete
Ahsante mwanangu. Lakini wa tano ni mfupi.

#15 Ngongoti
Naomba nichangie ingawa nina sentimita 193. Na sisi warefu tunateseka. Kitanda cha futi 6 ni kama sentimita 183, miguu yangu inalala nje ya chandarua, mbu wanaijua. Kwenye daladala nasafiri nimekunja shingo.

#16 Nyanya Chungu
Ngongoti umepitaje mlango wa uzi huu bila kugonga kichwa? Karibu ndani, ukitoka tushushie vyombo kwa Rafu ya Juu #9.

#17 Ngongoti
Nitashusha. Lakini nisikilizwe pia. Kila mtu anayeniona ananiuliza mambo ya mpira wa kikapu. Hasheem Thabeet ana sentimita 221, alichaguliwa wa pili NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009, basi kila Mtanzania mrefu anadaiwa kikapu.

#18 Babu Chuma
Kijana, pole ya mbu nakupa. Ila wewe ukiingia ofisini unaitwa "mheshimiwa" kabla hujafungua mdomo. Hatulingani hapo.

#19 Kwetu Rotterdam
Habari kutoka Uholanzi. Nina sentimita 160, mwanaume, na hapa wastani wa wanaume ni karibu 183. Kioo cha bafu kazini kwangu kinaonyesha nywele na paji la uso tu. Sehemu ya kukojoa ya wanaume iko juu mno, natumia choo cha kukaa. Baiskeli nilinunua upande wa watoto, na bado nilifurahi kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu na imara.

Lakini nimuunge mkono Mzee wa Kilolo. Katikati ya karne ya 19 vijana waliopimwa jeshini huku walikuwa na karibu sentimita 165, wafupi kuliko majirani wao wengi wa Ulaya. Leo ndio warefu kuliko wote duniani. Wenyewe wanataja maziwa, wengine wanataja huduma ya afya na usawa wa kipato, wengine wanadai wanaume warefu walizaa watoto wengi zaidi. Hawajakubaliana.

#20 Kibiriti
Hao wa mwisho si ndio wanasema damu?

#21 Takwimu Baridi
Kibiriti ana nusu ya haki. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa watu zaidi ya milioni 5, zikapatikana sehemu kama 12,000 za vinasaba zinazohusika na kimo. Mara nyingi husemwa kuwa 80% ya tofauti za urefu ni kurithi. Ila makadirio hayo yametoka zaidi kwa jamii zinazokula vizuri. Pale ambapo kila mtoto ameshiba, kinachobaki kuwatofautisha ni kurithi. Pale ambapo nusu hawajashiba, hesabu inabadilika.

Na mwalimu, mtoto hafuati upande mmoja kama alivyoandika #2. Anachukua vipande kutoka pande zote mbili.

#22 Mzee wa Kilolo
Nimeshiba.

#23 Mtoto wa Bunia
Jambo wandugu. Mimi natoka Ituri, Congo. Kuna jambo moja nataka kulisema kwa upole. Watu wengi wanaotania wafupi wanatumia neno "mbilikimo". Kwetu Wambuti, ndio wanaoitwa hivyo, ni watu, ni majirani zetu, wanajua msitu kuliko profesa yeyote. Wao si wagonjwa na hawana udumavu, kimo chao kimetulia hivyo kwa vizazi vingi sana. Mtu akiitwa mbilikimo kwa kudharauliwa, wanatukanwa wawili kwa neno moja.

#24 Makanga Mstaafu
Hili sikuwahi kulifikiria. Nimelitumia sana stendi. Nimeacha leo.

#25 Historia Tamu
Msikate tamaa jamani, Napoleon alikuwa futi 5 na inchi 2 akaitikisa Ulaya nzima!

#26 Takwimu Baridi
Hapana. Zile zilikuwa inchi za Kifaransa cha zamani, ndefu kuliko za Kiingereza. Ukibadilisha unapata kama sentimita 168 au 169, kimo cha kawaida kabisa kwa Mfaransa wa wakati ule. Wachora katuni wa Uingereza ndio waliomfupisha.

Ukitaka mfano wa kweli, Haile Gebrselassie ana kama sentimita 165, dhahabu ya mita 10,000 mwaka 1996 na 2000. Muggsy Bogues ana 160, amecheza NBA misimu 14.

#27 Gongo la Mboto Mwisho
Ahsante kwa mifano, lakini mimi sihitaji dhahabu. Nataka kamba tano za kushika zinazoning'inia kwenye lile bomba. Mabasi ya mwendokasi yanazo. Kwa daladala ni kazi ya fundi wa nusu saa.

#28 Siti Mbele
Wanaoendesha gari, zingatieni hili. Tukivuta siti mbele ili mguu ukanyage klachi, kifua kinakaribia usukani. Eabegi, lile puto linalofyatuka wakati wa ajali, linahitaji angalau sentimita 25 kati ya kifua na katikati ya usukani. Mimi nilipopima nilikuwa na 17. Nimelaza mgongo wa siti kidogo, nimeweka mto mgumu wa kukalia, na usukani nimeuinamisha uelekee kifuani badala ya usoni. Nimefika 26. Pimeni leo, msisubiri.

#29 Fundi Mbao Kihonda
Mwalimu Chausiku, ubao wa saruji hauwezi kushushwa, na ukishushwa wa nyuma bado hawataona. Unachohitaji ni jukwaa la mbao lenye urefu wote wa ubao. Upana futi 3 ili usikanyage hewa ukirudi nyuma, kimo sentimita 30. Kwa sababu una mimba, mwambie fundi aweke kidaraja cha sentimita 15 mwanzoni na kishikio ukutani. Chini ajaze mbao za kupingana, lisitikisike. Liwe vipande viwili, ili kufagia kuwe rahisi.

#30 Mwalimu Chausiku
Wakuu, nimesoma yote, mengine mara mbili. Nesi, nimeenda hospitali ya wilaya, nimeelezwa vilevile ulivyosema, na shemeji mwenye bajaji ameahidi kulala na simu wazi.

Jukwaa limewekwa jana. Wazazi wawili ni maseremala, walisikia kwa watoto wao wakaja na mbao wenyewe. Leo nimeandika sehemu zote za ubao, kuanzia juu kabisa kushoto. Mtoto mmoja wa nyuma, ambaye hajawahi kunyoosha kidole tangu Januari, amejibu swali la sehemu. Nimelazimika kugeukia ubaoni kidogo.

#31 Nyanya Chungu
Mwalimu umenitoa machozi. Hongera.

#32 Kurwa
Nimechelewa, ila nina kesi ya kuwapa wataalamu. Mimi na Doto ni pacha wa kike. Nikiwa na mwaka mmoja na nusu shangazi alinichukua Mwanza, alikuwa na ng'ombe wa maziwa. Doto alibaki kijijini. Leo mimi nina 161, yeye 154. Damu ni moja. Semeni.

#33 Mzee wa Kilolo
Sina la kuongeza. Maziwa hayo.

#34 Nesi wa Zamu ya Usiku
Kurwa, ni pacha wa kufanana au wasiofanana? Hapo kuna tofauti kubwa. Wasiofanana ni kama ndugu wa kawaida tu.

#35 Kurwa
Tulipokuwa wachanga bibi alitufunga uzi mkononi ili asituchanganye. Ila huwa anasema tangu siku ya kuzaliwa Doto alikuwa mdogo zaidi.

#36 Kibiriti
Umeona? Tangu kuzaliwa! Kabla hata ya huyo ng'ombe.

#37 Takwimu Baridi
Kibiriti, kuzaliwa mdogo si lazima iwe damu. Pacha hugawana chakula cha tumboni, na mara nyingi hawagawani sawa.

#38 Bi Mwantumu wa Wete
Kurwa mwanangu, muulize bibi yako. Doto alirukwa na nani?

#39 Kurwa
Bibi yupo, ana miaka 91 na kumbukumbu zake zote. Jumapili nampigia, nitamuuliza la uzi na la kurukwa.